Mwaka Niliokirihiwa

Rukia alinipigia simu asubuhi, nikiwa barazani kwangu Dodoma nachambua mchele, na kabla hajasema neno nilikwisha kujua, kwa sababu Rukia si mtu wa simu za asubuhi. "Yunusi," alisema, "mama ametutoka alfajiri." Nyuma yake nilisikia sauti za wanawake, na mmoja akiuliza sufuria kubwa zimewekwa wapi, nikaelewa kwamba nyumba imeshajaa watu. Nikamwambia nakuja. Jina langu ni Eunisi, na katika ofisi zote nilizofanyia kazi mpaka nikastaafu sikuwahi kuitwa vingine. Ni nyumba ile moja tu ya Gongoni, Tabora, iliyoniita Yunusi. Bi. Zuwena aliniambia, siku ya kwanza aliyoniita hivyo, kwamba jina langu halijui, ila Yunusi anamjua, yule aliyemezwa na samaki akatoka salama. Nilipojitetea kwamba Yunusi ni mwanamume, alinijibu bila kuniangalia, "Samaki hakujali."

Nilifika nikakuta wameshamzika. Sebule ilikuwa imetandikwa mikeka ukuta hadi ukuta, na wanawake wamekaa miguu wameinyoosha, wengine wakisoma, wengine wakizungumza kwa sauti ya chini kama watu wanavyozungumza msibani, nusu ya marehemu na nusu ya bei ya sukari. Nikampa Rukia mkono, tukashikana, tukalia kidogo, akanisogezea mto nikakaa. Mama mmoja mnene aliyekuwa karibu na mlango, ambaye sikumfahamu, akasema kwa huzuni, "Zuwena alikuwa mtu. Miaka yote niliyomjua, hajapata kumkirihi mtu yeyote." Wenzake wakaitikia, kweli, kweli kabisa. Mimi nikamtazama Rukia, na Rukia akanitazama, na ikabidi nijifunike uso kwa kanga kama mtu aliyezidiwa na kilio. Maana kama kuna mtu aliyekirihiwa na Bi. Zuwena, tena akaambiwa, tena akashukuru, ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilikuja kutoka Kigwa kwa treni kusoma kwenye chuo kidogo cha kupiga taipu ambacho siku hizi hakipo. Mahali pake pamejengwa maduka. Mzee Seif, mume wa Bi. Zuwena, alikuwa muuza asali, na alizoea kuja kwetu kununua kwa warina asali. Ni yeye aliyewaambia wazazi wangu kwamba nyumbani kwake kuna chumba kitupu, nije nikae mpaka nimalize mwaka wa masomo. Alisema hivyo kwa ukunjufu wa moyo wake, akiwa amekaa kwenye kigoda anakula karanga zetu. Jambo ambalo hakulisema, na ambalo hakuna aliyefikiria kumwuliza, ni kwamba mkewe alikuwa hajui.

Nyumba ile mpaka leo naweza kutembea ndani yake nikiwa nimefumba macho. Kuta nene za udongo, mlango wa mbele mzito wa mninga, kisha korido ndefu yenye mapipa ya asali upande mmoja. Nyuki walikuwa wakiingia wenyewe kutoka nje kuja kutafuta mali yao, na Bi. Zuwena alikuwa akiwafukuza kwa ncha ya kanga huku akiwasema kama wapangaji wasiolipa kodi. Mwisho wa korido kulikuwa na uani na jiko, na chumba changu kilikuwa cha mwisho kushoto, dirisha lake likitazama uani. Kilikuwa na kitanda cha chuma, kioo kilichopasuka kona, na harufu ya udi iliyogoma kutoka kwenye pazia. Siku niliyofika, Mzee Seif alinitambulisha, "Huyu ndiye Mama Rukia," nami nikapiga goti nikasema, "Shikamoo, Mama Rukia." Akaitikia marahaba, kisha akasema, "Niite Bi. Zuwena." Nikampa zawadi zangu, matobolwa na kuku mmoja. Kuku alimpokea. Matobolwa aliyaangalia kwa muda, vile vipande vyetu vya viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani, akayaweka juu ya kabati mahali ambapo mtu huweka kitu asichokusudia kukiona tena.

Wiki zile za kwanza hakuwa akisema na mimi. Alikuwa akisema na ukuta, au na birika, au na hewa iliyokuwa kati yetu. "Mgeni wa watu aambiwe chai iko tayari." Nami nilikuwa peke yangu pale, basi nilijiambia mwenyewe, nikaenda kunywa. Ajabu ni kwamba na mumewe alikuwa akisema naye hivyohivyo. Tukikaa kula, Bi. Zuwena alikuwa akisema, "Baba mwenye nyumba aulizwe kama mchuzi umemtosha," na Mzee Seif, kwa upole kabisa, alijibu, "Mama mwenye nyumba aambiwe umetosha, na mkono wake usikauke." Nilidhani ndiyo adabu ya mjini. Nilikuwa nimekwisha kugundua kwamba mji una maneno yake. Kwetu tulisema choo, hapa walisema msalani; na msala huohuo ulikuwa pia jina la mkeka wa kusalia, na wao walijua daima ni upi unaotajwa. Kwetu mtu akikutendea jambo unasema wabeja, unainama, yamekwisha. Hapa kulikuwa na ahsante, shukrani, fadhila, ihsani, na kila moja lilikuwa na mahali pake. Kwa hiyo nilikuwa msichana mwenye masikio yaliyo wazi, anayeokota kila neno lililodondoka.

Alasiri moja nilikuwa chumbani nimeketi kitandani nikifanya mazoezi ya vidole kwenye ubao uliochorwa herufi, kwa kuwa mashine zilikuwa chuoni tu. Uani Bi. Zuwena na jirani yake, Mama Hidaya, walikuwa wakimenya vitunguu saumu. Nikamsikia Mama Hidaya anauliza, "Na mgeni wako huyu vipi?"

"Mgeni wa Seif," alisahihisha Bi. Zuwena. "Mimi huyu mtoto namkirihi. Nikisikia tu nyayo zake mle chumbani, namkirihi, bibi wee. Sijui nifanyeje."

"Mwache tu," Mama Hidaya alisema. "Mtoto wa watu."

"Basi si ndiyo namwacha? Nimemfanya nini?"

Niliacha vidole juu ya ubao. Neno hilo sikuwa nimelisikia kamwe. Lakini nilimjua ndugu yake. Mchungaji wetu wa Moravian kule Kigwa alikuwa akipenda sana kuhubiri juu ya kuwakirimu wageni, na katika familia yetu mkarimu lilikuwa neno kubwa la sifa kuliko tajiri. Kukirimu, kukirihi. Nikaona wazi kwamba hivi ndivyo wanavyolitamka watu wa Gongoni. Na nikakumbuka kwamba kweli mama huyu ananipa chai, ananipa chakula, hanitumi kupita kiasi. Kumbe kwa kile kimya chake chote alikuwa ananikirimu, tena anamsimulia jirani kwamba hata nyayo zangu zinamtia hamu ya kunikirimu! Nilijisikia vibaya kwa kumdhania kuwa ni mtu mkavu. Nikaamua kwamba kesho yake asubuhi nitamshukuru kama nilivyolelewa.

Kesho yake Bi. Zuwena na mumewe walikuwa wamekaa mezani, maandazi yamefunikwa kwa kitambaa. Nikapiga goti. "Shikamoo Bi. Zuwena." Akaitikia kwa kichwa. "Nimesikia jinsi unavyonikirihi," nilisema, na nilikuwa nimejizoeza maneno haya nikiwa naoga. "Nashukuru sana. Sikujua kama mtu anaweza kumkirihi mtoto asiye wake kiasi hicho. Na mimi nakukirihi vilevile, kwa moyo wangu wote, na nyumbani nitawaeleza jinsi nilivyokirihiwa hapa."

Mzee Seif alipaliwa na chai. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akaomba radhi, akakohoa tena. Bi. Zuwena alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni, na mpaka leo sijaona uso uliopita mambo mengi hivyo kwa muda mfupi hivyo. Akasema, "Marahaba," ingawa shikamoo yangu ilikuwa imeshapita, akainuka, akaenda jikoni, akafunga mlango. Nikasikia kitu kama chafya. Kisha nyingine. Mzee Seif akaweka kikombe chini, akainamisha kichwa kuelekea kule jikoni kama anayesikiliza wimbo wa zamani. "Anacheka," alininong'oneza. "Wallahi, mama anacheka."

Kuanzia siku hiyo sikuwa tena mgeni wa watu. Nilikuwa Yunusi. "Yunusi, njoo ushike hiki." "Yunusi, hizo ndizo unaita chapati?" Alinifundisha kukaanga viungo mpaka vitoe mafuta yake, na kujua kwa kusikiliza, si kwa kuangalia, kwamba wali umeiva. Nami siku moja ya masika nilimpikia mlenda wa karanga. Aliuonja, akaacha kijiko hewani. "Chakula hiki hakina adabu," alisema. "Kinaingia kabla hujakikaribisha." Lakini wiki iliyofuata aliniuliza kama mboga ile isiyo na adabu inapatikana sokoni. Yale matobolwa nayo yaliteremshwa kutoka juu ya kabati, tukayala na chai, akasema yangekuja na meno yake ingekuwa bora. Na lile neno likabaki nyumbani. Mzee Seif akirudi kutoka dukani alikuwa akiuliza, "Mama mwenye nyumba aulizwe, leo kamkirihi Yunusi?" na Bi. Zuwena alilijibu birika, "Kakirihiwa mpaka kashiba." Niliona fahari. Sikujua kwamba watu wawili waliokuwa hawasemeshani walikuwa wamepata, kwa ujinga wangu, kitu kidogo cha kuchekea pamoja.

Habari ya kutosemeshana kwao niliipata kwa Mzee Seif mwenyewe, siku nilipompelekea chakula dukani. Mtoto wao alikuwa mmoja, Rukia, na chumba changu kilikuwa chake. Bi. Zuwena alimpenda mtoto huyo mpaka kila mchumba aliyekuja akaonekana ana kasoro. Mmoja mfupi, mmoja mama yake mdomo mrefu, mmoja anapiga chafya ovyo. Kisha akaja kijana wa Ujiji aliyekuwa akifanya kazi reli. Rukia akasema ni huyu au hakuna. Bi. Zuwena akasema basi hakuna. Mwezi huo akaitwa Igunga kumwuguza dada yake, na alipokuwa huko, Mzee Seif aliozesha. "Binti alikuwa ananitazama kila asubuhi," aliniambia, akipangusa mdomo wa chupa ya asali. "Nikashindwa. Nikadhani mama yake akirudi atakuta limekwisha, atalia, atanyamaza." Hakulia. Alirudi akakuta kitanda kimetandikwa na mwenyewe hayupo, akafunga chumba, na tangu hapo mumewe akawa baba mwenye nyumba. Na mwaka haujaisha Mzee Seif huyohuyo akamleta mtu mwingine kwenye chumba kile, tena bila kuuliza. "Mwanangu," alisema, "mimi ni mtu mzuri lakini sina akili."

Sasa nikiwa na umri uliozidi ule wa Bi. Zuwena wa mwaka huo, nami nimeozesha watoto, huwa nafikiria jinsi alivyorudi kutoka Igunga na mzigo wake kichwani, akaingia kwenye korido ile, akaita jina. Wakati ule sikulifikiria hilo. Nilifikiria tu kwamba Rukia ana bahati, na kwamba kitanda chake kina mlio.

Mwezi wa nane chuo kilifanya sherehe ndogo, na kwa kuwa nilikuwa na sauti ya kwaya, mwalimu akanichagua kutoa neno la shukrani kwa mgeni rasmi. Alikuwa mama mtu mzima mwenye asili ya Tanga, aliyevaa baibui nadhifu na miwani. Nilisimama mbele ya wazazi, walimu na wenzangu wote, nikaamua kutumia maneno mazuri kuliko yote niliyokuwa nayo. "Mgeni rasmi," nilisema, "kwa niaba ya wanafunzi wenzangu, napenda kukuambia kwamba sisi tunakukirihi. Tunakukirihi sana. Na tunamwomba Mungu akujalie ukirihiwe hivihivi kila uendako."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Wapo walioinama mpaka paji la uso likagusa kiti cha mbele. Mwalimu alikuwa ameshika kichwa. Mgeni rasmi peke yake ndiye ambaye hakucheka; alivua miwani, akaifuta, akasema, "Ahsante binti. Nimekirihiwa mara nyingi katika kazi yangu, lakini si kwa heshima namna hii." Nikarudi kukaa bila kujua nimefanya nini. Ni Matrida, rafiki yangu wa darasani aliyezaliwa palepale mjini, aliyenishika mkono na kunivuta nje. Alikuwa anacheka na kunionea huruma kwa wakati mmoja. "Eunisi, nani kakufundisha hilo neno? Kukirihi ni kumchukia mtu. Ni kumwona karaha. Hata kumtazama hutaki."

Nilirudi Gongoni kwa miguu, jua kali, na njiani kila mlo niliokula nyumba ile niliula upya ukawa mchungu. Walikuwa wakinichekea. Wote wawili, mezani, siku zote hizo. Na kabla ya kunichekea, alikuwa amesema vile, nyayo zangu tu. Nilipita mapipa, nikaingia chumbani, nikatoa begi chini ya kitanda. Sikulia; nilikuwa na hasira safi ya mtu wa miaka kumi na minane. Nilikuwa nimeshakunja gauni la pili pale Bi. Zuwena aliposimama mlangoni, mikono ina unga.

"Unakwenda wapi?"

"Kigwa."

"Kuna nini Kigwa?"

"Kuna watu wasionikirihi," nilisema.

Akaingia, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata mara moja tangu nilipohamia, akakaa kwenye kona ya kitanda. Kitanda kikalia. "Nani kakwambia?"

"Mji mzima umeniambia." Nikamsimulia ya ukumbini. "Ulisema unanikirihi. Nilikusikia kwa masikio yangu. Kisha nikakushukuru! Kwa nini hukuniambia? Uliniacha nikawa kichekesho."

"Nilisema," alikubali. Hakujitetea haraka, alikuwa akisugua unga uliokauka kwenye vidole. "Sikukujua. Nilikuwa nasikia mtu anatembea katika chumba cha mwanangu, na si mwanangu. Ningekuwa nimeletewa malaika ningemkirihi. Halafu asubuhi ukaja ukapiga goti. Nilitaka kukwambia kesho yake, nikaona haya. Siku nyingine nikataka tena. Baadaye nikaona halikuwa kweli tena, sasa nikwambie nini? Kwamba zamani nilikuchukia?"

"Kwa hiyo ulinichukia."

"Sikukuchukia!" alisema kwa ukali. "Usiniwekee maneno kinywani. Kukirihi si kuchukia. Kitu kinaweza kuwa makuruhi na kikawa si haramu. Mtu akila kitunguu saumu kibichi akaenda msikitini, ni makuruhi. Amewaudhi watu, lakini hakuna aliyesema kitunguu kitupwe. Ulikuwa kitunguu, Yunusi. Na vitunguu mimi navipikia kila siku."

Sijui kama nilitaka kucheka au kupiga kelele. Wala sikupata nafasi, maana Mzee Seif alikuwa amerudi na amesimama kwenye korido, na kwa kuwa ni mtu asiyeweza kuona mazungumzo yakapita bila yeye, akasema kutoka kule, "Ni Kiarabu, mwanangu. Lilikuja na misafara toka pwani, miezi njiani, pamoja na nguo na shanga. Na kukirimu likaja msafara uleule. Yametembea pamoja njia nzima, usishangae yamefanana."

"Na chuki?" nilimwuliza, huku bado nimeshika gauni.

"Ah, chuki," alisema Mzee Seif. "Hilo misafara ililikuta hapahapa, limekaa linawangoja."

"Wewe nani kakuuliza?" alisema Bi. Zuwena.

Mzee Seif alibaki palepale, amemkodolea macho mkewe. Hata mimi nilielewa: Bi. Zuwena hakuliambia birika, hakuuambia ukuta. Alisema wewe. Naye akajua kwamba amesema, akajaribu kukunja uso, na unga ulikuwa umemshika shavuni. "Basi umeshaingilia," alimwambia, "maliza. Mwambie mtoto arudishe nguo kabatini."

Nilizirudisha. Miaka mingi baadaye, nikiwa mhazili katika ofisi yenye kamusi kubwa, nililitafuta neno lile, nikakuta kwamba linachukua pande zote mbili: kukirihi ni kuchukia, na kukirihi pia ni kuchukiza. Mwenye kuchukia na mwenye kuchukiza wanatumia kitenzi kimoja. Nilikaa nikifikiria chumba kile, nani hasa alikuwa amemkirihi mwenzake, mimi kwa nyayo zangu au yeye kwa kimya chake. Lakini siku ile sikuwa na kamusi. Nilikuwa na swali moja tu, nikalisema kwa sababu nilikuwa bado na hasira kidogo, na hasira hutoa ujasiri.

"Na Rukia je? Yeye unamkirihi?"

Mzee Seif aliondoka kwenye korido kama mtu aliyesikia mlango ukibishwa. Bi. Zuwena alipiga mto wa Rukia kwa kiganja, akaugeuza, akaupiga tena. "Rukia nimemkasirikia," alisema. "Mwenyewe hajui hata kiasi gani. Nani amwambie?" Akainuka akaenda kuukanda unga wake.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza pale gadi mmoja wa treni ya Kigoma alipokuja nyumbani akiwa bado na sare yake, akakataa kuketi. Alitumwa na mume wa Rukia, ambaye walifanya kazi pamoja. Rukia alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Mtoto hajambo, mzazi si mgonjwa, lakini hali vizuri na analia kila siku. Na siku ya kumpa mtoto jina ilishapita, wakwe wamekasirika, maana Rukia amekataa. Amesema jina litatolewa na bibi yake mzaa mama, na kama bibi haji, basi mtoto akae bila jina. Gadi alisema haya akiangalia viatu vyake. Mzee Seif alimtazama mkewe. Bi. Zuwena aliuliza kama gadi amekula, akamletea chakula, akasimama juu yake mpaka akamaliza, na alipoondoka akaanza kukung'uta kikapu kikubwa.

"Nitakwenda na Yunusi," alisema. "Wewe," na hapo alimwelekezea mumewe kidole, "utabaki na nyuki wako."

Tulisafiri na kikapu kilichojaa mpaka kikawa hakifungiki: samli, asali, tangawizi ya uzazi, kanga mpya mbili, na ndani kabisa, nilishangaa kuona, matobolwa. Bi. Zuwena alikaa dirishani. Kaliua watu walishuka na kupanda, akawatazama tu. Kulipokucha tulikuwa Uvinza, akanunua chumvi kutoka dirishani ingawa kikapu hakikuwa na nafasi. Aliniambia kwamba bibi wa bibi yake alipita njia hii kwa miguu, ameongozana na msafara, na kwamba walifika hapa miguu imevimba wakapumzika kwa ajili ya chumvi. "Alikuwa anamfuata nani?" nilimwuliza. Alifikiri. "Hakuna aliyewahi kusema," alijibu. "Ila mwanamke hatembei mpaka Ujiji kwa sababu ya chumvi." Halafu akaanza kurudia kwa mnong'ono mambo atakayomwambia Rukia, na nilisikia kwamba yalikuwa mengi na makali, na kwamba aliyapanga upya kila kituo.

Kigoma tulishuka kwenye jua kali la asubuhi. Watu wa reli walikuwa wameshampelekea mumewe habari za safari yetu, na Rukia alikuwa amesimama mwisho wa jukwaa, mwembamba, amejitanda kanga, na mtoto kifuani. Mumewe alisimama hatua kadhaa nyuma yake, kofia mkononi, kama mtu anayesubiri hukumu. Mimi nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza sura ya mwenye chumba changu. Hakutukimbilia. Bi. Zuwena naye hakukimbia. Alitembea taratibu, na mimi nyuma na kikapu, mpaka wakawa wanaweza kugusana, wasigusane. Nilimwona Bi. Zuwena akifungua kinywa, nikajua yote aliyoyapanga kutoka Tabora yamemtoka.

"Nimekuja kukwambia," alisema, "kwamba nimekukasirikia."

"Najua, mama," Rukia alisema, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. "Twende ukanikasirikie nyumbani. Hapa jua litamchoma mtoto."

Bi. Zuwena akatazama chini kwenye ile kanga kama ndiyo kwanza anaambiwa kwamba kuna mtoto. "Anaitwa nani huyu?"

"Bado hana jina."

"Mtoto mkubwa hivi!" alisema Bi. Zuwena. Akanyoosha mikono, akampokea, akamfunika uso kwa ncha ya kanga yake mwenyewe, na bila kutungoja akatangulia kuondoka stesheni, anatembea haraka, anamsemesha mtoto kwa sauti kubwa, ikabidi mkwewe avae kofia amkimbilie, kwa kuwa njia ya kwenda kwao alikuwa haijui.